Tunaota moto, kwani tumelala?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi niko Njombe, na baridi ya mwezi wa sita si unaijua. Jumamosi usiku tulikoka moto nje, watoto wakafukia viazi kwenye majivu, tukakaa hapo mpaka saa nne. Kesho yake tulivyotoka kanisani tukatandika mkeka nyuma ya nyumba tukaota jua. Nikaandika kwenye grupu la familia, 'jana tumeota moto, leo tunaota jua, raha tupu.' Mtoto wa dada yangu yuko Dar akanijibu eti 'mamdogo, wote mmeota ndoto moja?' Halafu akasema Kiswahili sanifu ni kujipasha moto na kuoga jua, kuota ni kilugha chetu cha bara. Ni kweli? Na hii baridi yetu niiite kipupwe?"

Marahaba mama, na poleni na baridi, ingawa watu wenye viazi vya majivu sijui kama wanahitaji pole. Hapa Mbeya nakujibu nikiwa na sweta mbili na chai ya tangawizi.

Kijana amechemka. Kuota moto na kuota jua ni Kiswahili kabisa, kimo kwenye kamusi, na pwani wanakisema pia, ila mtu aliyezaliwa Dar anaweza kukua mpaka akaoa hajawahi kukaa mbele ya moto kwa ajili ya joto tu, moto kwake ni wa kupikia na akimaliza kupika anaukimbia, sasa hilo neno litampata wapi?

Kilichomchanganya ni kwamba kuna kuota zaidi ya moja. Kuna kuota ndoto, kuna mbegu kuota, na kuna huku kuota kwenu kwa moto na jua. Yanafanana sura tu, kama kaa la moto na kaa wa baharini, na hapo yeye wa Dar hachanganyi hata siku moja.

Na sio kwamba nabuni, ushahidi uko jirani tu. Vuka pale Kasumulu uingie Malawi, Kichewa kina maneno mawili tofauti, kuota ndoto wanasema kulota, kuota moto wanasema kuotha. Kiswahili kina tabia ya kumeza l katikati ya neno, wenzetu wanasema njala sisi njaa, wanasema mvula sisi mvua, basi na kulota ikamezwa l ikabaki kuota, ikaja kugongana na ile ya moto. Lakini l haikupotea yote! Jiulize hiyo d kwenye ndoto imetoka wapi kama kitenzi ni -ota. Ni ile l, ikitanguliwa na n inageuka d, kama ulimi unavyozaa ndimi. Mimi hapa huwa nafurahi peke yangu, mke wangu ameshazoea.

Sasa tumtendee haki kijana, "niliota moto" ikisimama peke yake inaweza kweli kuwa mtu ameuona moto usingizini. Ndio maana wengi tukiongelea usingizi tunasema niliota ndoto ya moto, au niliota nyumba inaungua. Ila wewe uliandika tumeota, familia nzima, tena na jua juu yake, hapo alikuwa anakutania tu.

Ukitaka kuona hizi kuota zilivyo mbalimbali ziongezee viambishi. Miche ya parachichi huko kwenu inaoteshwa, mtu anaoteshwa na Mungu usingizini (2011 wakati wa kikombe cha Loliondo hilo neno lilivuma nchi nzima), lakini hakuna aliyewahi kuoteshwa moto. Moto ni wa kuotea. Na mpirani mshambuliaji ameotea, refa anapuliza, hiyo nayo ni habari nyingine.

Hayo aliyokupa yeye je? Kujipasha moto sio kosa, ila kupasha mimi nakusikia zaidi kwenye wali wa jana na wachezaji kabla ya mechi. Kuoga jua silipendi, linanuka tafsiri, jua halina maji. Na asije akakuletea kujianika, maana kwa msimu huu wa mavuno utakuta turubai uani limejaa mahindi na watoto wamekaa pembeni yake, jua ni lile lile moja, lakini mahindi yanaanikwa, watoto wanaota jua.

(Kama mnaota jiko la mkaa badala ya kuni, lisiingie chumbani madirisha yamefungwa. Ile hewa yake haina harufu na inaua watu wamelala.)

Kipupwe ni jina la pwani la majira ya ubaridi, Juni mpaka Agosti, upepo wa kusi ukivuma. Ukilitumia Njombe hakuna atakayekukamata, ila kipupwe ya Dar ni kuzima feni, na ninyi huko mna sakitu. Neno zuri hilo na watu wanalisahau, ni ule weupe wa asubuhi juu ya nyasi, Makete na Kitulo huko mita kama 2,600 wanaujua vizuri, unababua majani ya viazi yanakuwa kama yamepitiwa na moto. Watu wakiupiga picha wanaandika theluji, wakati theluji inadondoka kutoka juu na sakitu inaganda hapo hapo chini. Kwa hiyo sema baridi, au msimu wa baridi, na ukiamka nyasi ni nyeupe sema sakitu. Kipupwe mwachie mtoto wa dada.