Maswali yenu kuhusu Issa Rae, mchekeshaji aliyejiandikia nafasi yake mwenyewe

Juma lililopita tulitaja jina la Issa Rae kwa mstari mmoja tu, tulipozungumzia vijana wa Lubumbashi wanaorekodi vichekesho kwa simu na kuvisambaza mtandaoni, na barua zilizofuata zimetulazimu kumtengea ukurasa mzima wa leo. Maswali tumeyafupisha, na yaliyofanana tumeyaunganisha.

Yaya, hapa kwetu watu wanabishana: Issa Rae ni Mwafrika au ni Mmarekani? (Mwanafunzi, Katuba)

Wanaobishana wote wana haki, mdogo wangu. Jina lake kamili ni Jo-Issa Rae Diop, na Diop ni ukoo unaojulikana kotekote Senegal. Alizaliwa Los Angeles tarehe 12 Januari 1985. Baba yake ni daktari wa watoto kutoka Senegal, mama yake ni mwalimu kutoka jimbo la Louisiana, na wawili hao walikutana Ufaransa walipokuwa wanafunzi. Katika jina Jo-Issa yamo majina ya bibi zake wawili, Joyce na Isseu, kama vile sisi tunavyowapa watoto wetu majina ya wazee. Sehemu ya utoto wake aliishi Dakar, akaishi pia Maryland katika mtaa wa Wazungu wengi, kisha akarudi Los Angeles, ambako watoto weusi wenzake nao walimwona kuwa anazungumza kwa namna ya kigeni. Karibu kila kichekesho alichokiandika baadaye kimetoka hapo: mtu anayeingia chumbani na kutambua, kabla hajakaa, kwamba hakuna anayejua amweke upande gani.

Binti yangu yuko chuo kikuu, na badala ya kusoma anarekodi vichekesho na wenzake usiku. Huyo Issa Rae wenu aliacha masomo ndiyo akafanikiwa? (Mama, Kamalondo)

Hapana, mama, hakuacha. Shule ya sekondari aliyosoma Los Angeles ilikuwa ya kuwaandaa vijana kwa kazi za tiba na sayansi, na chuo kikuu cha Stanford alikimaliza mwaka 2007, akiwa amesoma taaluma ya Afrika na ya Wamarekani weusi. Lakini ni hukohuko Stanford alikoanza kurekodi. Akiwa na kamera ndogo na marafiki wa bweni, alitunga mfululizo alioupa jina «Dorm Diaries», uliojifanya kuwa habari ya kweli kuhusu maisha ya wanafunzi weusi, akausambaza kwa wenzake, akagundua kwamba watu asiowajua nao wanautazama. Shahada aliichukua, na kazi aliijua kabla ya kuichukua. Siwezi kukuambia binti yako atakuwa nani, ila ningemwomba anionyeshe daftari lake kabla ya simu yake: kama vichekesho vyake ameviandika, ujue anafanya kazi.

Alipata wapi feza ya kuanza? Sisi hapa mega tu zinatushinda. (Kijana, komini ya Kenya)

Mwanzoni hakuwa nayo. Mnamo Februari 2011 alianza kuweka kwenye YouTube vipindi vifupi vya «The Misadventures of Awkward Black Girl», akicheza yeye mwenyewe nafasi ya msichana anayeitwa J, na watu wengine kwenye picha walikuwa marafiki na jamaa. Kipindi cha kwanza nakipendekeza kwa kila anayedhani kuchekesha kunahitaji majumba na magari. J anaendesha gari kwenda kazini, anafika kwenye alama ya kusimama barabarani, pembeni yake, ndani ya gari jingine, amesimama mfanyakazi mwenzake, na wanasalimiana vizuri. Wanaondoka. Kwenye alama ya pili ya kusimama, yule bwana yuko pembeni tena. Sasa afanye nini? Apunge mkono tena? Acheke? Ajifanye anatafuta kitu chini ya kiti? Salamu amekwisha kuimaliza, na njia bado ni ndefu. Kila mtu aliyewahi kupishana na jirani mara tatu kwa asubuhi moja kwenye barabara ya soko anaijua shida hiyo, na kuirekodi hakuhitaji zaidi ya magari mawili na uso unaojua kuonyesha aibu.

Feza ya kwanza ya maana ilitoka kwa watazamaji. Katikati ya msimu wa kwanza mfuko ulikauka, akaomba dola 30,000 kwenye jukwaa la kuchangisha la Kickstarter, na wakamchangia zaidi ya 56,000. Msimu wa pili ulihamia kwenye chaneli ya mwanamuziki Pharrell Williams. Jukwaa lile la Marekani halipokei miradi inayotoka Kongo, kwa hiyo usipoteze mega zako kulijaribu. La kuiga ni mpangilio wa mambo: vipindi vilitangulia, watu wakavizoea, na ombi likafuata baada ya watu kuwa na kitu cha kupoteza. Makundi mengi ya hapa huanza na ombi.

Ni kweli kwamba televisheni ilimkataa? (Msomaji, Kampemba)

Ni kweli kwa sehemu. Mwaka 2012 alikuwa akiandika tamthilia ya vichekesho kwa ajili ya chaneli ya ABC, chini ya Shonda Rhimes, mwanamke aliyekuwa na nguvu kubwa katika televisheni ya Marekani wakati huo, na tamthilia hiyo haikurushwa kamwe. Baadaye Issa Rae mwenyewe alieleza kwamba alikubali maoni ya kila mtu hadi sauti yake ikapotea ndani ya karatasi zake. Chaneli ya HBO walipomwita, alirudi kwenye alichokijua: mtaa wake, marafiki zake, na aibu zake, na hapo ikazaliwa tamthilia yake «Insecure».

Mimi ni mchezaji wa theatre. Wazee wetu wa kundi la Mufwankolo walituvunja mbavu bila kuandika neno. Kwa nini kila siku mnatuhubiria senario ya kuandikwa? (Kaka, Ruashi)

Kaka, swali lako ndilo lililonifanya nikubali kuandika ukurasa huu, kwa hiyo univumilie nikilijibu kwa urefu.

Kwanza tuwatendee haki wazee. Mnamo mwaka 1986 mtaalamu wa anthropolojia Johannes Fabian aliwafuata wachezaji wa Mufwankolo hapa Lubumbashi walipokuwa wakitayarisha mchezo mmoja juu ya mamlaka, na kitabu alichokitoa mwaka 1990 kimehifadhi mazungumzo yao ya mazoezini, kwa Kiswahili chetu hiki cha mjini. Ukikisoma utaona kwamba hawakupanda jukwaani mikono mitupu. Walikaa, wakabishana kuhusu kisa, wakakubaliana nani ni mfalme na nani ni mwenye kumshauri vibaya, tukio gani litangulie na lipi lifuate, kisha maneno yenyewe wakamwachia kila mchezaji ayatafute palepale. Senario ilikuwepo, ila ilikaa vichwani mwao.

Sasa tazama upande wa Issa Rae. Kipindi cha kwanza cha «Insecure» alikiandika pamoja na Larry Wilmore, mchekeshaji na mwandishi aliyemzidi uzoefu, na tamthilia ikaanza kuonyeshwa Oktoba 2016. Kuanzia hapo kazi ilihamia kwenye chumba cha waandishi, chini ya uongozi wa Prentice Penny. Katika vyumba vya namna hiyo watu hukaa kwa majuma mengi wakipanga msimu wote ubaoni kabla kamera haijawashwa, kila kipindi hukabidhiwa mtu wa kukiandika, kisha karatasi zake hurudi mezani na wenzake huzipitia na kuzikosoa. Wachezaji huongeza yao wakati wa kupiga picha, na mara nyingine ndiyo yanayobaki, lakini huongeza juu ya kitu kilichokwisha kusimama. Kwa njia hiyo tamthilia ilidumu misimu 5 na vipindi 44, hadi Desemba 2021, bila mtazamaji kusahau nani alimkosea nani.

Angalia tukio la kwanza kabisa. Issa Dee, mhusika anayechezwa na Issa Rae mwenyewe, anayefanya kazi katika shirika la kusaidia watoto wa shule, anasimama mbele ya darasa, na watoto wanaanza kumuuliza maswali: kwa nini anazungumza kama Mzungu, kwa nini nywele zake ziko vile, kwa nini hajaolewa. Darasa linacheka. Katika dakika chache tumekwisha kujua umri wake, kazi yake asiyoipenda, na kidonda chake, na hakuna aliyetueleza chochote. Mchezaji hodari anaweza kubuni swali moja kati ya hayo papo hapo. Kuyapanga yafuatane hivyo, kila moja likiuma kuliko lililotangulia, ni kazi ya kalamu.

Kuna na upande wa haki. Maneno yaliyotoka mdomoni jioni moja huko Ruashi, kesho yake yanaweza kuchezwa na kundi jingine huko Likasi, nawe huna cha kuonyesha. Aliyeandika hulipwa kama mwandishi, na kama akicheza hulipwa tena kama mchezaji. Wamarekani wanaichukulia karatasi hiyo kwa uzito kiasi kwamba waandishi wao wa filamu na televisheni waligoma kuanzia tarehe 2 Mei hadi 27 Septemba 2023, na studio nyingi zikasimama. Endeleeni kubuni jukwaani, kaka, maana huo ni utajiri wetu, lakini baada ya onyesho mmoja wenu akae na daftari ayaandike yale yaliyowachekesha watu.

Filamu zetu za hapa zinatoa nyuso nyeusi tupu, hasa usiku. Mbona nyuso za «Insecure» zinang'aa? (Mpiga picha, karibu na komini ya Kenya)

Kwa sababu kuna mtu aliyelifanyia kazi hilo. Ava Berkofsky, aliyesimamia upigaji picha wa tamthilia hiyo, ameeleza njia yake, nayo haina siri kubwa. Hamulikii uso taa moja kwa moja. Anaipiga taa kwenye ubao au kitambaa cheupe ili nuru irudi usoni ikiwa pana na laini, na wapambaji huwapaka wachezaji mafuta yenye kung'aa kidogo ili ngozi ishike nuru hiyo. Ngozi nyeusi hurudisha nuru inayoizunguka, na ndiyo maana ukuta mweupe ulio nje ya picha unaweza kukusaidia kuliko taa ya pili. Shuka jeupe lipo katika kila nyumba, na umeme ukikatika mchana, jua la dirishani likipigwa kwenye shuka hilo linatosha.

Je, yeye na Issa wa kwenye tamthilia ni mtu mmoja? Aliolewa na Lawrence? (Wasomaji kadhaa)

Hapana. Lawrence, mpenzi wa Issa kwenye tamthilia, ni mchezaji Jay Ellis, na mapenzi yao ni ya kwenye karatasi. Issa Rae aliolewa mwaka 2021 kusini mwa Ufaransa, na alipotoa picha za arusi aliandika kwa mzaha kwamba alikuwa amepiga tu picha na mume wa mtu. Zaidi ya hapo ndoa yake haizungumzii, nasi tumwache.

Nianze kumtazama wapi, na je, naweza kutazama na watoto? (Baba, Katuba)

Anza na vile vipindi vifupi vya YouTube. Ni vya bei ndogo kwa mega na vinaonyesha mkono wake kabla haujapambwa. Kisha mtafute katika «American Fiction» ya mwaka 2023, anapocheza mwandishi wa kike ambaye vitabu vyake vinauzwa sana na kumkera mwandishi mwenzake. Kuna mazungumzo kati yao wawili mwishoni ambayo yatawafaa wote wanaoulizana kama msanii mweusi analazimika kuuza huzuni ili asomwe. Mwaka huohuo alicheza rais katika «Barbie», na sauti yake imo katika filamu ya katuni ya Spider-Man, ambayo wanaweza kuitazama hata wadogo, baba. «Insecure» uwaachie watu wazima: lugha yake ni ya wazi kabisa, na vitanda navyo vimo tangu msimu wa kwanza.