Umeitwa kwenye utafiti wa presha? Usikimbie kwanza

Msomaji wa Voi ameniandikia juzi: "Dada, kliniki wananiomba niingie utafiti wa dawa za presha. Mume wangu anasema watanifanya panya. Nifanyeje?"

Hayo ya panya nimeyasikia mpaka nikachoka. Nilipokubali mimi kuingia utafiti wa namna hiyo, shemeji yangu alitangaza mbele ya wageni, harusini kabisa, kwamba nimewauzia wazungu damu yangu. Watu wakacheka. Nikaendelea kupakua pilau, lakini sijasahau. Na wazungu wenyewe hawakuwepo! Daktari aliyenisomea fomu ni Mgiriama wa Kaloleni, akanieleza kwamba kompyuta ndiyo itakayopiga kura nipate dawa ipi. Yeye hawezi kunichagulia.

Kilichonitesa si dawa, ni mashine ya kupima presha saa 24. Unafungwa mkanda mkononi, kiboksi kinaning'inia kiunoni, kisha unaambiwa nenda kaendelee na shughuli zako. Kila baada ya muda kinanguruma, mkanda unabana, na mkono sharti utulie. Kilinikuta nasukuma chapati, nikasimama kama sanamu huku nyingine inaungua jikoni. Kwenye matatu makanga akaruka: "Mama, ni nini hiyo inalia?" Jirani yangu akahama kiti. Usiku ndio usiseme.

Baada ya hapo ni vidonge na kurudi kliniki, hakuna la kusimulia. Presha ilishuka, ikashuka vizuri. Najivunia, na nina haki.

Sasa nisikilizeni. Tunalalamika dawa zinajaribiwa kwa watu wengine, tukiitwa sisi tunatoka mbio. Utafiti wa CREOLE, uliochapishwa 2019, ulikuwa na wagonjwa weusi 728 kutoka nchi sita za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo. Dawa ya presha iitwayo amlodipini, ikitumiwa pamoja na haidroklorothiazaidi au pamoja na perindoprili (nazo ni dawa za presha), ilishusha presha kuliko haidroklorothiazaidi na perindoprili zikitumiwa pamoja bila amlodipini. Daktari wako angelijuaje hilo kama wote 728 wangewasikiliza mashemeji?

Au chukua aspirini, ambayo wazee wetu huimeza kila asubuhi kwa kusikia tu kwamba inalinda moyo. Utafiti wa ASPREE, Australia na Marekani, uliwagawa wazee 19,114 wasio na ugonjwa wa moyo: wengine aspirini, wengine kidonge kitupu kisicho na dawa. Matokeo yakatoka 2018: mshtuko wa moyo na kiharusi havikupungua kwa kiasi cha maana, ila kuvuja damu kuliongezeka. (Aliyekwisha kupata mshtuko wa moyo ni habari nyingine; asiache dawa bila daktari wake.)

Kwa hiyo dada, nenda, lakini nenda na mdomo. Uliza kamati gani ya maadili imepitisha utafiti. Uliza nani anachungulia matokeo njiani, maana ule wa SPRINT, Marekani, ulikatizwa mapema 2015 walipoona walioshushwa presha, ile namba ya juu, chini ya 120 wanafariki wachache kuliko wenzao. Uliza ukitaka kutoka itakuwaje. Ni haki yako kutoka siku yoyote bila kunyimwa matibabu. Usitie sahihi hapohapo, nenda na fomu nyumbani.

Na uliza utafiti ukiisha dawa utaipata wapi. Mimi niliuliza mapema, muuguzi akaniandikia jibu kwa kalamu pembeni ya fomu, na nakala ninayo kabatini.