Tachipedi ikiganda usibandike proto=imps, soma dmesg (kumbukumbu za kerneli) kwanza!

Ndugu yangu wa Kisauni, simama hapo hapo. Umesema laptopu yako ya mtumba yenye Ubuntu ikiamka usingizini tachipedi (ile sehemu ya kusogeza mshale kwa kidole) inaganda, na kuna mtu kakupa mstari wa kutia ndani ya /etc/modprobe.d, folda ya mipangilio ya viendeshi: options psmouse proto=imps. Hiyo psmouse ni kiendeshi cha vipanya na tachipedi nyingi. Usiutie. Na hiyo tachipedi mpya unayotaka kuagiza, usiilipie.

Mimi niliutia. Ubaya wake ni kuwa unafanya kazi! Tachipedi inaacha kuganda, unafurahi. Baadaye ndipo unaona vidole viwili havisogezi ukurasa tena. Hiyo imps ni itifaki, yaani lugha ya mawasiliano, ya kipanya cha kawaida: inajua mwendo, vitufe na gurudumu, basi. Habari za vidole haina.

Nikampelekea fundi mmoja mjini. Terminali, dirisha la kuandikia amri, hakuifungua. Alifungua kifuniko cha chini, akachungulia, akasema ni chumvi ya bahari, laptopu za Pwani zote zaliwa hivyo. Akatia tachipedi nyingine, akachukua pesa zake. Nafika nyumbani, vidole viwili kimya vilevile. Wallahi hasira haijanitoka hadi leo, kwake yeye na kwa yule aliyegawa ule mstari bila kusema unachokuondolea. Chumvi gani hiyo inayoandika faili ndani ya /etc?

Jibu lilikuwa kwenye amri moja: cat /proc/bus/input/devices. Tachipedi mpya kabisa, na jina lake linaanza na "ImPS/2", ile ile itifaki ya kipanya cha kawaida. Nikafuta ile faili, nikaendesha sudo update-initramfs -u ili mabadiliko yashike tangu mashine inapowaka, nikawasha upya. Jina likawa "SynPS/2 Synaptics TouchPad" (Synaptics ni mtengenezaji wa tachipedi), na vidole viwili vikarudi.

Kisha sudo dmesg | grep -i psmouse. Kerneli yenyewe, yaani kiini cha Linux, ikanieleza kuwa tachipedi hii inaweza kupitia njia nyingine ya mawasiliano, nijaribu psmouse.synaptics_intertouch kwa 1. Nikaongeza psmouse.synaptics_intertouch=1 kwenye GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT ndani ya /etc/default/grub, faili ya mipangilio ya kuwashia mashine, nikaendesha sudo update-grub, nikawasha upya, na kuganda kukaisha. Ukishatia imps, ujumbe huo hautoki kabisa. Yaani dawa ipo ndani ya mashine na ule mstari unaificha!

Yako huenda si Synaptics. Zipo za Elan, mtengenezaji mwingine, zipo zinazopitia I2C, njia nyingine ya kuunganisha vifaa, ambazo psmouse haizigusi hata kidogo, na hapo imps haitakusaidia kwa lolote. Ndiyo maana nasema soma kwanza, usitie chochote kabla ya kujua mashine inaiitaje hiyo tachipedi. Endesha hizo amri mbili, ya cat na ya dmesg, ubandike hapa kila kitu zinachotoa, usikate hata mstari mmoja.

Ikiganda tena kabla hujajibiwa, bonyeza Ctrl+Alt+T, andika sudo modprobe -r psmouse, halafu sudo modprobe psmouse, yaani unakitoa kiendeshi na kukirudisha. Kama ni ya psmouse, mara nyingi huamka hapo hapo bila kuzima laptopu.