Skolashipu za serikali, hivi wanapewa wanaostahili kweli?

SWALI: Habari za kazi mhariri, naomba kuuliza kuhusu hii Samia Scholarship wanayopewa waliofaulu sana sayansi kidato cha sita. Mbona hawaangalii mtoto katoka familia gani? Wa tajiri kasoma shule ya ada kubwa anasomeshwa bure, wa mkulima kazidiwa kidogo tu anaambulia mkopo. Hii ni haki au ndo mwenye nacho anaongezewa? – Msomaji, Tabora

JIBU: Ndugu yangu umegusa penyewe. Ufadhili huu ulianza mwaka wa masomo 2022/23, zikatengwa shilingi bilioni 3 kwa wanafunzi 640, wote wa sayansi wanaoenda kusoma mambo ya uhandisi, teknolojia, hisabati, tiba na kadhalika. Kigezo kikubwa ni ufaulu. Ukiwa na pointi 3 zako (yaani A tatu) za kombi ya PCB, fizikia, kemia na baiolojia, hakuna anayekuuliza baba anafanya kazi gani, na kwa mambo ya kujuana mi naona hapo afadhali, matokeo ya NECTA (Baraza la Mitihani) hayana mjomba.

Shida iko nyuma ya hayo matokeo. Chukua praktiko ya kemia, kuna mtoto anashika bureti (ule mrija wa kioo wa kupimia kimiminika) kila wiki mpaka anajua kufunga koki pale pale rangi inapogeuka, na kuna mwingine shuleni kwao bureti zimefungiwa kabatini zinatoka mtihani ukikaribia, halafu wote wanapewa pepa ileile siku ileile tunasema mwenye A ndo mwenye akili. Sikatai anazo, ila yule mwenye B huenda ndo kapambana zaidi (mi ningempa huyo hela). Na hawa wawili wakimaliza chuo bado hawalingani, maana skolashipu hairudishwi lakini mkopo wa Bodi ya Mikopo unakatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi mpaka deni liishe.

Kwa hiyo ni halali ila haki yenyewe ni nusu. Kule Texas, Marekani, walitunga sheria 1997 kwamba asilimia 10 ya juu ya kila shule wanaingia moja kwa moja vyuo vikuu vya serikali ya jimbo. Ile ni nafasi tu sio hela, ila wazo linafaa, chukueni kwanza bora wa kila mkoa ndo zinazobaki zigombaniwe kitaifa, na ambaye wazazi wanajiweza apewe cheti na makofi, ada mzee atalipa.

SWALI: Na sisi wa HKL (historia, Kiswahili na Kiingereza) wenye Divisheni 1 je? – Msomaji, Mbeya

JIBU: Hamumo, pole. Wanasema nchi ina uhaba wa wanasayansi, sawa, ila mi sielewi kwa nini hata nafasi chache zisiwepo. Halafu kumi bora kitaifa NECTA waliacha kuwatangaza tangu matokeo ya kidato cha nne ya Januari 2023, kwa hiyo majina ya ufadhili yakitoka yatoke na pointi ya mwisho iliyochukuliwa kila kombi, aliyekosa aone kakosa kwa ngapi.