Maswali ya Wasomaji: Shayiri imegoma kutoa amilesi

SWALI: Klabu yetu ya sayansi ilikata punje za shayiri, ikatupa upande wenye kiinitete, ikaloweka nusu zilizobaki katika jiberelini (homoni ya mimea inayoamuru punje kutoa amilesi, kimeng'enya kinachovunja wanga), kisha ikazilaza juu ya agari (jeli ya mwani) yenye wanga. Baada ya siku mbili tulimwaga ayodini, ambayo hugeuza wanga kuwa mweusi. Sahani nzima ikawa nyeusi, hakuna hata duara moja jeupe la kuonyesha wanga umevunjwa. Kalsiamu tulitia kwenye bafa (kimiminika kinachotuliza pH) ya fosfeti, pH 7, mchanganyiko ukafanya ukungu. Tumekosea wapi?
Mwalimu wa biolojia, Njoro

JIBU: Ukungu huo ndio kalsiamu yenu. Imeshikana na fosfeti ikawa chembe zinazotuama, na seli hazina njia ya kuzitumia.

Amilesi ya shayiri ni protini inayoshika kalsiamu. Ikiikosa hulegea, ikakatwakatwa na vimeng'enya vingine kabla ya kufika kwenye wanga. Seli za aleuroni, tabaka lililo chini ya ganda la punje, huipa kalsiamu hiyo ndani ya retikulamu ya endoplazimu, mtandao wa utando ndani ya seli. Humo pampu za utando huijaza kwa nguvu ya ATP (molekuli ya nishati ya seli), na protini iitwayo kalretikulini huitunza huku ikisaidia protini changa kujikunja. Saitosoli, majimaji ya seli nje ya mtandao huo, ni kinyume: kalsiamu ni haba mno, maelfu ya mara chini ya nje ya seli. Ndiyo maana ikipanda kidogo tu kwa amri ya jiberelini, kalmodulini, protini yenye nafasi nne za ayoni za kalsiamu, huitambua mara moja.

Acheni fosfeti. Kwa lita moja ya maji yaliyotoneshwa, tieni gramu 1.5 za kloraidi ya kalsiamu dihaidreti (milimola 10) na asetati ya sodiamu milimola 1, pH 4.8. Jiberelini ni miligramu 0.35, iyeyushwe kwanza kwa matone ya ethanoli. Nyuzi 25, saa 48, upande uliokatwa ukiangalia agari. Shayiri nyeupe ya supamaketi haifai kabisa: imekobolewa, aleuroni imekwenda na pumba.

SWALI: Kwetu hata sahani isiyo na jiberelini ilitoa maduara!
Mwanafunzi, Kisumu

JIBU: Duara likiwa na utelezi, au likianzia mbali na punje, hao ni bakteria, nao wana amilesi yao. Lowekeni punje dakika 15 katika Jik, sehemu moja kwa mbili za maji, kisha suuzeni mara tano kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa. Likizunguka punje safi, mmekata karibu mno na kiinitete. Sogezeni kisu katikati.