Programu isikiamuru kifaa kilale

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniomba nimkagulie kiolesura alichokibuni ili programu zake zote zisimamie kwa njia moja umeme unaotumiwa na vifaa mbalimbali. Nilipoona amekipa kila kifaa ngazi nne za usingizi, sifuri hadi tatu, ambazo programu huziamuru, nilitabasamu kwa uchungu, kwa kuwa mimi nilipoteza miezi saba kwa kosa hilo hilo.

Nilikuwa nimesoma ACPI, kiwango cha kusimamia umeme wa kompyuta kilichotolewa mwaka 1996 na Intel, Microsoft na Toshiba, ambacho huziita hali za vifaa D0 (kifaa kiko macho kabisa) hadi D3 (kimezimwa), nikadhani siri yote imo katika namba. Sikuzingatia kwamba maana ya D1 na D2 hutegemea aina ya kifaa. Katika mfumo wangu, ngazi ya pili kwa skrini ilikuwa kufifiza mwanga, kwa redio, yaani kifaa cha mawasiliano yasiyo na waya, kukata mawasiliano, na kwa kihisi kupoteza vipimo ambavyo havijasomwa. Programu iliyoiomba haikujua inaomba nini. Siku ya maonyesho redio ililala katikati ya kupokea faili mbele ya wakubwa wangu, na kazi ikakabidhiwa mwenzangu ambaye wiki moja kabla aliusifu mpango wangu. Hilo bado halijanitoka moyoni.

Nilipoanza upya kwa gharama yangu, niliacha kuziruhusu programu zitoe amri. Sasa programu husema tu kwamba inakihitaji kifaa, na ikimaliza hukiachia. Mfumo huhesabu wanaokihitaji, na hesabu ikifika sifuri husubiri kidogo ndipo ukilaze, kwa sababu kuamsha kifaa nako hula umeme, na usingizi mfupi mno huwa hasara. Mfumo endeshi wa Linux una utaratibu wa namna hiyo tangu toleo la 2.6.32 la mwaka 2009, nami ningeusoma mapema laiti nisingejiona mjuzi.

Basi, ndugu mbunifu, ziache programu zitaje haja zao, ikiwemo muda zinaoweza kuvumilia kungoja kifaa kiamke. Hakikisha pia kwamba programu ikifa ghafla, vifaa ilivyovishika vinaachiwa, la sivyo betri itaisha usiku kucha bila mtu kujua sababu. Narudia: haja, si amri.

Msomaji wangu amejibu kwamba atabaki na ngazi zake nne, kwa kuwa ni rahisi kuzieleza kwa wakubwa wake.