Maswali ya Wasomaji: Siku ya Mwisho ya Safari ndefu ya Pikipiki

Maswali ya mara hii yote yanahusu ile siku moja iliyobaki kabla ya kufika nyumbani. Ndiyo siku ambayo pikipiki imechakaa kuliko siku nyingine zote za safari, mwendeshaji vilevile, na bado wengi huipa muda mchache kuliko siku ya kwanza.

Swali: Niko wiki ya tatu njiani. Zimebaki kilometa 780 kufika nyumbani. Nimezoea 400 kwa siku, lakini nyumbani kunanivuta. Nizimalize kwa mkupuo?

Jibu: Hapana, ndugu. Piga hesabu kwa wastani wa siku nzima, usiangalie mshale wa spidi. Anayetembea 90 kwa saa kwenye lami, ukitoa muda wa kujaza mafuta, kula, foleni za mijini na kunyoosha mgongo, wastani wake hushuka hadi 60 au 65. Kwa 65, kilometa 780 ni saa 12 kamili. Ukiondoka saa 12 asubuhi unaingia saa 12 jioni, na kwa 60 ni saa 1 usiku. Kipande cha mwisho, ambacho mara nyingi ndicho chenye watu na magari mengi, unakipita ukiwa hoi, na kioo cha kofia kimejaa wadudu na mikwaruzo. Mikwaruzo ambayo mchana huioni, gizani hutawanya taa ya gari linalokuja mbele hadi ukingo wa barabara unapotea.

Gawanya, ila usigawe nusu kwa nusu. Tembea 480 leo, ulale, bakisha 300. Ukiondoka saa 1 asubuhi, saa 6 mchana unavua kofia. Halafu waambie wa nyumbani siku utakayofika, usiwaambie saa. Saa ukishaitaja, ndiyo itakayokufanya uruke kituo cha kupumzika.

Jihadhari pia na kilometa 30 za mwisho. Barabara unayoijua, macho hutazama unachokumbuka badala ya kilichopo. Wiki tatu zinatosha kuzaa shimo jipya au tuta jipya.

Swali: Cheni imeanza kugonga ta-ta-ta ninapoondoka na ninapoachia mafuta. Niliikaza juzi, imelegea tena. Imebaki siku moja tu, niikaze zaidi ili nifike?

Jibu: Kukaza zaidi ndiko kunakokata cheni siku ya mwisho. Cheni iliyochakaa hairefuki sawasawa: kuna mahali imelegea na mahali imebana. Ukiipima ilipolegea ukaikaza hapo, ile sehemu iliyobana inakuwa kama waya wa gitaa. Shokomzoba ikizama kwenye shimo, cheni inahitaji nafasi na haina. Inavuta beringi ya shafti ya sproketi (gurudumu la meno linalobeba cheni) ya mbele, au inakatika. Ikikatika kwenye mwendo inaweza kujikunja mbele na kupasua kava ya injini, au kufunga gurudumu la nyuma. La mwisho hilo ndilo la kuogopa.

Fanya hivi jioni, kabla ya kulala. Zima injini, weka stendi ya kati, gia iwe nyutro. Zungusha gurudumu la nyuma kwa mkono. Kila robo mzunguko simama, shika cheni ya chini katikati ya sproketi mbili, isukume juu na chini, pima kwa rula. Pikipiki nyingi za barabarani hutaka mchezo, yaani nafasi ya cheni kupanda na kushuka, wa milimita 25 hadi 35, zenye shokomzoba ndefu hutaka 35 hadi 45. Namba ya yako iko kwenye kitabu, na mara nyingi kwenye stika karibu na cheni. Soma pia kama inatakiwa kupimwa kwenye stendi ya kati au ya pembeni, maana majibu hutofautiana.

Rekebisha ukiwa kwenye sehemu iliyobana kuliko zote. Legeza nati ya ekseli, zungusha adjasta (skrubu za kusogeza gurudumu) za kushoto na kulia kwa kiasi kilekile, robo mzunguko kwa mara moja, hadi alama za pande mbili zilingane. Kaza nati ya ekseli, kisha upime tena, kwa sababu kukaza kwenyewe hubadilisha mchezo. Kama breki ya nyuma ni ya ngoma, gurudumu limesogea nyuma na pedali imebadilika, kwa hiyo irekebishe pia. Kama cheni ina kiungio cha klipu, hakikisha upande wa klipu uliofungwa unatazama uelekeo cheni inakokwenda. Ikiwa kinyume, jiwe dogo laweza kuing'oa.

Sasa shika cheni nyuma kabisa ya sproketi kubwa, uivute kuelekea nyuma, itoke kwenye meno. Ukiona zaidi ya nusu ya jino, imekwisha. Tofauti kati ya palipolegea na palipobana ikipita milimita 15, sisi pia tunaihesabu imekwisha. Badilisha cheni na sproketi zote mbili kabla ya kuondoka. Pasipo duka, tembea 60 kwa saa, ongeza mwendo taratibu, punguza mzigo, na uipime upya kila kilometa 100.

Mafuta ya cheni yakiisha, oili ya gia ya 80W-90 inafaa. Itie upande wa ndani wa cheni ya chini ikiwa bado na joto la safari, iache usiku kucha, asubuhi futa ya ziada isirukie tairi. Petroli usioshee cheni yenye oringi (vipete vya mpira kwenye viungo vyake), huziharibu. Tumia mafuta ya taa.

Swali: Nikiilaza kwenye kona inakataa, kisha inaanguka ghafla. Mwanzo wa safari haikuwa hivi.

Jibu: Piga magoti nyuma ya pikipiki, tazama tairi la nyuma usawa wa macho. Baada ya maelfu ya kilometa za barabara iliyonyooka, likiwa na mzigo, katikati huwa bapa na pembeni hubaki na ukingo. Pikipiki inasimama kwenye ubapa, kisha inavuka ukingo kwa mara moja. Upepo pungufu huleta hali inayofanana na hiyo, kwa hiyo upime asubuhi tairi likiwa baridi. Ukipima likiwa na joto utakuta umepanda; usiupunguze.

Tairi bapa lenye kina juu ya alama za ukomo zilizo ndani ya mifereji litakufikisha, ila ingia kona polepole na uwe mwangalifu sana mvua inaponyesha.

Swali: Oili imeshuka hadi alama ya chini na dukani kuna ya gari tu. Niongeze?

Jibu: Ongeza. Kukimbia na oili pungufu ni kubaya zaidi. Kwenye pikipiki nyingi za viharusi vinne klachi inaogelea kwenye oili ya injini, na baadhi ya oili za gari zina viungo vya kupunguza msuguano vinavyofanya klachi iteleze. Ndiyo maana oili ya pikipiki huandikwa JASO MA au MA2, alama ya kuwa inafaa klachi ya namna hiyo. Mililita 200 za kufikia katikati ya alama mbili si tatizo. Chagua ya unene uleule na ukwepe kopo lililoandikwa kuwa linaokoa mafuta. Ukifika, mwaga yote. Pima pikipiki ikiwa wima mahali tambarare.

Swali: Nikisinzia, kahawa inatosha?

Jibu: Kwa 90 kwa saa unakula mita 25 kila sekunde. Kusinzia sekunde 4 ni mita 100 bila dereva. Ukishindwa kukumbuka kibao cha mwisho ulichopita, au ukikosea gia mara mbili, toa pikipiki barabarani. Kunywa kahawa kwanza, kisha lala dakika 15 hadi 20. Kahawa huchukua kama nusu saa kufanya kazi vizuri, hivyo utaamka nayo. Saa 7 hadi 9 mchana ndizo mbaya zaidi baada ya usiku wa manane.

Swali: Nikifika, nioshe hapo hapo?

Jibu: Subiri injini na eksozi vipoe. Mwaga oili ikiwa bado na uvuguvugu, kwani uchafu hutoka nayo. Unapoosha, usielekeze maji ya presha kwenye beringi za magurudumu, cheni wala swichi. Kausha, paka cheni mafuta, kisha pitia boliti za keria, eksozi na vioo kwa spana, maana mtikisiko umezilegeza. Kama itakaa muda mrefu na tangi ni la chuma, lijaze. Usiifunike pikipiki kwa turubai ikiwa na maji.